Vizingiti vya Shaba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa garaji ya hapa jirani alileta motokari hadi mlangoni kwangu ili nimsifu. Alikuwa amebandika mabati mapya kwenye vizingiti vya milango yote minne, pale chini unapokanyaga ukiingia. Yaling'aa, sikatai. Nikamwuliza, "Na chini yake uliona nini?" Akacheka. "Tata, chini ni chini. Nani atakuya kuangalia?" Tata ni baba, ndivyo wanavyotuita wazee. Nikaitafuta fimbo yangu. Bahati yake, siku hizi nachelewa kusimama.

Nilimkasirikia kupita kiasi, na alipoondoka niliona haya. Sababu ni kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu, wakati mji wetu ukiitwa Elisabethville, na kwa ajili yake ilibaki kidogo tu mama mmoja na mtoto wake wa mapajani waanguke kutoka kwenye motokari inayokwenda. Basi ninyi mnaojifunza kazi ya kunyoosha mabati ya magari, vuteni viti. Nitasema na yanayonifaa na yasiyonifaa.

Fundi aliyenifundisha aliitwa Baba Sefu. Alikuwa mtu wa Kasongo, Maniema, mjukuu wa maseremala waliochonga milango, na yeye mwenyewe alianza kazi kwa mbao. Msishangae. Motokari za kwanza nilizosimuliwa naye zilikuwa na mifupa ya mti ndani ya bati, na kizingiti kilikuwa ubao mtupu wenye ukanda wa madini juu yake. Alikuwa mfupi, mkali, mnusa tumbaku, na alikataa kabisa jina la Kifaransa la kile kipande. Kwake kilikuwa kizingiti, kama cha nyumba. Aliingia kwenye kila motokari kwa mguu wa kulia na bismillahi, hata kama ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo bila magurudumu. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye kizingiti cha gari la mteja nikila muhogo. Alinipiga kofi la kisogo nikaumeza bila kutafuna.

"Ku nyumba yenu mama yako anakuacha kuikala juu ya kizingiti?"

"Hapana, Baba."

"Basi hapa njo nyumba ya mwenyewe. Toka."

Alinifundisha kusoma kabla ya kutengeneza. Kizingiti kilichochakaa usikitupe mpaka ukiangalie vizuri. Kikiliwa upande wa nyuma, mwenyewe anaburuta kisigino. Vishimo vidogo vidogo ni viatu vya bibi. Mikwaruzo mirefu ni buti za misumari za watu wa mgodini. Mara moja mzungu mmoja aliapa mbele yetu kwamba dereva wake habebi mtu yeyote asipokuwepo yeye. Baba Sefu alipitisha kidole kwenye ufa wa kizingiti cha nyuma, akakilamba, akaniambia polepole, "Unga wa bukari." Bukari ni ugali wetu, na wazungu hawakuula. Hatukumwambia mwenyewe. Dereva yule alituletea samaki wakavu mwezi mzima.

Msidhani fundi wangu hakukosea. Alikosea sana, na akikosea alinuna yeye. Siku moja hakimu wa mji alirudisha gari lake akidai kuna kitu kinagonga mlangoni. Tukafungua mlango, hakuna kitu. Akarudi tena. Tukakaza bawaba, hakuna kitu. Aliporudi mara ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba tangu siku tulipofunga kizingiti cha gari lile Baba Sefu alikuwa akitafuta kopo lake la tumbaku na kumtuhumu mlinzi. Tukang'oa bati. Kopo lilikuwa ndani, limejaa, kavu kabisa. Alilifungua palepale, akanusa, akapiga chafya, akasema, "Unaona? Kazi iko muzuri. Hata tone moja ya maji haikuingia." Nilicheka mpaka nikalala chini.

Na kwa kweli maji ndiyo adui wenu, si viatu. Kiatu kinakwaruza juu, mnaona, mnarekebisha. Maji yanafanya kazi mahali msipoona. Chini ya kila kizingiti kuna vitobo vya kutolea maji, na matope yetu mekundu yanaviziba kama saruji. Vizibueni kwa waya wa gurudumu la baiskeli kabla ya jambo lingine lolote. Halafu brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, halafu rangi ile nyekundu nzito ya kuzuia kutu, mara mbili, na ya kwanza ikauke kweli, si kukauka kwa mdomo wa patroni, mwenye garaji. Juu ya rangi, ukanda wa mpira uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Juu ya mpira ndipo bati la kizingiti. Na kila visi, yaani skrubu, ichovywe kwenye mafuta ya ng'ombe kabla ya kuikaza, ili fundi atakayekuja nyuma yako aweze kuifungua bila kukutukana.

Mabati yenyewe wakati wangu yalikuwa ya alumini yenye mistari. Baba Sefu aliidharau alumini, aliiita chuma cha sufuria, lakini alijua kuilainisha. Paka sabuni ya kufulia upande wa nyuma, pasha moto taratibu. Sabuni ikigeuka kahawia, acha. Hapo imelegea, unainyoosha kwa nyundo ya mti juu ya ubao. Ukingoja zaidi itayeyuka mbele ya macho yako, maana alumini haina tabia ya kuwa nyekundu kwanza ili ikuonye. Niliyeyusha nne kabla ya kujua. Fundi wangu alizitundika ukutani juu ya kichwa changu, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ni kazi ya Amisi, ndiye mimi.

Shida ilianza kwa sababu alumini mpya zilitoka Ulaya, kwa meli kisha kwa treni, na kuzingoja ilikuwa kama kungoja mtoto wa mke tasa. Patroni wetu alikuwa Mgiriki, mtu wa kelele lakini si mbaya wa roho. Alikuwa na bunda la bati la shaba lililobaki kwenye kazi ya mifereji ya paa. Mimi nikaliangalia lile bunda. Jamani, tuko Katanga! Hapa shaba tunaizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia mvua. Baba zetu waliiyeyusha, kaka zetu wanaichimba, moshi wake tunauvuta asubuhi na mchana. Nikakata, nikapasha, nikatumbukiza majini ikalainika, nikapiga mistari mitano iliyonyooka, nikasugua kwa majivu na ndimu. Nilipoiweka kwenye mlango wa gari jeusi, hata Baba Sefu aliacha kazi yake akaja kutazama.

Ya kwanza tuliifunga pamoja, na mpira chini yake. Mimi sikupenda. Mpira uliinua kingo za shaba, ukaonekana mstari mweusi pembeni. Nikamwambia bila mpira ingelala vizuri zaidi.

"Shaba na chuma, weka mpira katikati," akasema. "Kila mara."

"Sababu gani, Baba?"

"Sababu miye nilisema."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu. Alikuwa ameona kwa macho yake msumari wa chuma ukigeuka unga ndani ya bati la shaba juu ya paa, lakini kwa nini, hakujua, na asichokijua hakukiri. Miaka mingi baadaye mwalimu wa shule ya ufundi alinieleza: ukiweka madini hayo mawili yakigusana na maji katikati, moja linalila jingine, na kinacholiwa ni chuma. Shaba inabaki nzuri vilevile. Laiti ningeambiwa hivyo mapema, lakini sitamsingizia fundi wangu. Aliniambia la kufanya, nami nilikuwa na masikio mawili.

Mwaka huo Baba Sefu alikwenda kwao Kasongo kuozesha binti, na safari ya kule na harusi za kule hazina haraka. Alikaa huko zaidi ya mwaka. Nikabaki mkubwa wa kona yetu. Wateja wakaona ile shaba ya kwanza, wakaitaka. Bibi wa mhandisi akaitaka, jirani yake akaitaka kwa sababu ya bibi wa mhandisi. Watu wakaanza kuniita Amisi Shaba. Nilifunga magari kumi na moja, na yote kumi na moja bila mpira. Mwenzangu mmoja aliniuliza, nami nikamjibu kama yule kijana wenu, nani atakuja kuangalia chini.

La kumi na moja halikuwa la mzungu. Lilikuwa la Ilunga, jirani yetu wa mtaa wa Kamalondo, msaidizi wa daktari, mtu wa kwanza kwenye barabara yetu kununua motokari. Ilikuwa imetumika, mlango mmoja rangi nyingine, lakini ilikuwa yake. Nilikwenda kuifunga shaba nyumbani kwake siku ya Jumapili, bila malipo, na barabara nzima ikaja kutazama. Nilimchagulia bati nene kuliko yote, kwa mapenzi. Nilipokaza visi ya mwisho akina mama walipiga vigelegele. Mke wake alikuwa na mimba kubwa, akawekwa kwenye kiti cha mbele kama bibi harusi. Muda mfupi baadaye Ilunga akahamishiwa Mitwaba, kwenye zahanati, akaenda na mke na motokari. Mtoto akazaliwa huko, msichana, Ngoie. Tangu hapo mama yake ni Mama Ngoie, nami nitamwita hivyo.

Mvua zikapita mara moja, zikaanza mara ya pili. Baba Sefu akarudi mnene na mwenye hadithi. Katika wiki yake ya kwanza likaja moja la magari yangu, limegonga nguzo ya lango. Nikafungua visi, nikainua shaba yangu nzuri.

Chini hapakuwa na kitu. Sisemi kulikuwa na kutu. Kutu niliijua. Pale palipokuwa na chuma palikuwa na vipande vyekundu vilivyobanduka kama maganda ya mti, na nilipobonyeza, kidole changu kilipita hadi upande wa pili nikagusa hewa. Kutu ilikuwa imepanda hadi kwenye nguzo inayobeba mlango. Shaba ilikuwa inang'aa mkononi mwangu.

Baba Sefu akaja, akainama, akatazama sana. Nilingoja kofi. Hakunipiga, na ningependa angenipiga.

"Iko ngapi?"

"Kumi na moja."

Akavua kofia yake akaiweka chini, akakaa juu ya kopo la rangi na kufunika uso. "Amisi, Amisi. Mulango inashikwa na nini, mutoto wangu?"

Nikaenda kwa patroni nikasema kila kitu. Alitukana Kigiriki, akatukana Kifaransa, akamalizia Kiswahili ambacho alikijua vizuri kwa kazi hiyo. Lakini hakuwa mjinga. Akawaita wateja wote wa mjini, akawaambia garaji inawapa matengenezo ya kabla ya mvua kubwa, zawadi. Tukafanya kazi mpaka mikono ikapasuka, tukikata, tukiunga, tukipaka. Hakuna mteja aliyejua. Nikamwuliza patroni juu ya gari la Ilunga.

"Yule wa Mitwaba? Ni mbali. Ikivunjika ataileta."

Nitasema ukweli hapa, maana bila ukweli huu hadithi yangu ni kujisifu tu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, patroni amekataa, nifanyeje. Nilikula, nilicheka na wenzangu. Hata nikajiambia Mitwaba hakuna moshi wa kiwanda, labda chuma cha huko kinaishi zaidi.

Gari la kumi, la mwisho la mjini, Baba Sefu alishika mpini wa mlango wa mbele akauvuta kama kawaida, na mlango ukamfuata. Ulitoka wote, na bawaba, na kipande cha nguzo, ukamwangukia mguuni. Aliruka kwa mguu mmoja kuzunguka garaji akimtaja kila mtume, nasi tukavunjika mbavu. Halafu akasimama ghafla, bado mguu mmoja juu.

"Ku Mitwaba," akasema, "nani anaikala pembeni ya mulango?"

Hakuna aliyecheka tena. Moyoni nilimwona Mama Ngoie kwenye kile kiti, na mtoto, nikajua lazima niende.

Wakati ule mtu mweusi hatoki mjini bila karatasi ya njia, na patroni alikuwa ameshasema hapana, na kwamba nikiondoka nisirudi. Baba Sefu ndiye aliyekwenda kuniombea karatasi. Sijui alilia vipi mbele ya karani, lakini mama yangu, aliyekuwa Kamalondo mzima kabisa akitwanga majani ya sombe, siku ile aliugua mahututi huko Mitwaba ambako hajawahi kufika. Mama alipopata habari alinipiga kwa mchi begani. Kisha akanifungia chakula cha safari.

Nilipanda kamio, lori la mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa. Juu ya magunia nilikuwa na sanduku langu: bati la chuma, kopo la rangi nyekundu, ribiti, mpira wa ndani wa gurudumu, na alumini mbili nilizozinyoosha mwenyewe. Njia yote nilitunga maneno ya kusema. Siku tatu za matope. Kila tulipotingishika kwenye shimo nilihesabu kwamba shimo hili na motokari ya Ilunga inalipita.

Nilifika mchana. Nyumbani kwa Ilunga hapakuwa na mtu. Jirani akaniambia ni siku ya kwenda vijijini kupima watoto, bwana na bibi wanakwenda pamoja kila wiki, na mtoto wao. Nikakaa juu ya sanduku langu. Nikaomba Mungu kama sijawahi kuomba.

Wakaja saa ya alasiri. Niliwaona wakishuka kilima, nikawa naangalia mlango mmoja tu. Ulikuwa unapiga, unafunguka upana wa mkono na kurudi. Walipokaribia niliona umefungwa kwa kitenge, kimepitishwa dirishani na kukazwa kwenye kiti, na Mama Ngoie ameshika fundo kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine.

Ilunga alishuka akicheka, mikono wazi. "Yo! Amisi Shaba! Unatoka Elisabethville kuya kusalimia shaba yako! Angalia, inangaa mpaka leo. Mulango tu njo inalia, tangu mvua ilianza."

Maneno yote niliyotunga yalikimbia. Nilimwambia, "Yaya Ilunga, mutoe Mama Ngoie na mutoto kwanza. Kwa mulango ya upande ingine." Yaya ni kaka mkubwa. Nilikuwa sijawahi kumwamuru mkubwa wangu.

Walipokuwa wamesimama uani nikapiga magoti, nikafungua visi, nikainua. Zile visi nilizichovya mafuta, zilifunguka vizuri. Hilo tu ndilo nililolifanya sawa. Halafu nikasema. Nilisema fundi wangu aliniambia niweke mpira, sikuweka, nilitaka ionekane nzuri. Nilisema nilijua tangu wiki kadhaa.

Ilunga alichuchumaa. Aliingiza mkono wake kwenye kizingiti, mkono wa mtu wa sindano na bandeji, ukazama hadi kifundo. Akautoa mwekundu. Akautazama.

"Mutoto wangu njo anaikala hapa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Ningepokea kelele kwa moyo mwepesi zaidi.

"Ndiyo, Yaya."

"Nani anakutuma?"

"Hakuna."

"Patroni anajua?"

"Alikataza."

Akajifuta mkono kwenye suruali yake nyeupe ya kazi, suruali ikaharibika. "Basi tosha bintu yako," akasema. "Tumika." Yaani nitoe vyombo vyangu, nifanye kazi.

Nilifanya kazi siku tatu. Nilikata mpaka nilipopata chuma kinacholia vizuri kwa nyundo, nikakunja bati jipya, nikapiga ribiti, nguzo nikaivalisha kiatu kipya cha chuma. Ilunga akitoka zahanati alikuja kushika taa au kushika bati. Aliuliza maswali ya mtu aliyesoma. Kwa nini mpira? Nikamweleza kwa lugha ya fundi wangu: shaba na chuma, mpira katikati, kila mara. Akacheka kidogo. "Sababu gani?" Nikamwambia, "Sababu Baba Sefu alisema." Mama Ngoie hakunisemesha. Aliweka sahani yangu ya bukari juu ya jiwe, mbali, na kurudi ndani. Nilistahili.

Siku ya tatu nikafunga alumini, nikafunga na kufungua mlango mara nyingi, ukalia ule mlio mmoja mfupi mnaoujua. Nikaanza kukusanya vyombo. Mama Ngoie akatoka, mtoto mgongoni.

"Baba Ngoie, washa motokari," akamwambia mumewe. Kwangu akasema, "Weye ikala. Hapa, ku mulango."

Nikakaa. Akafungua kitenge chake, akanipa mtoto mapajani.

"Mama Ngoie..." nikaanza.

"Beba. Miye nilibeba."

Ilunga akawasha. Alitupeleka kwenye kile kilima, kwenye mashimo yote, na hakupunguza mwendo. Nimefanya kazi miaka mingi chini ya magari yaliyoinuliwa kwa magogo mabovu, sijaogopa namna ile. Mtoto alikuwa mzito, ana joto, amenishika kidole. Sikuangalia barabara. Niliangalia kile kizingiti, na kila tuliporuka nilimkumbatia mpaka akakasirika akaanza kulia. Mlango haukusogea. Tuliporudi, Mama Ngoie alimchukua mtoto wake, akanitazama, akaniambia niingie ndani kula na wengine. Nikala mezani. Shaba nilizong'oa niliziacha uani, sikutaka kuziona tena.

Kazi yangu niliikuta. Patroni alinipigia kelele, kisha akanipa pole ya mama, maana Baba Sefu alikuwa amemsimulia na yeye ule ugonjwa. Mwaka ule mama yangu alifanywa mgonjwa mara mbili zaidi na Baba Sefu, kila mmoja wetu alipohitaji ruhusa. Na hapakufungwa tena shaba kwenye garaji yetu bila Baba Sefu kuja kuinua ukingo kwa ukucha.

Miaka ikaenda. Uhuru ukaja, mji ukabadilisha jina ukawa Lubumbashi, Baba Sefu akafa, mimi nikazeeka. Nikasikia Ilunga amestaafu, amerudi Lubumbashi, amejenga. Nilikuwa na nia ya kwenda kumsalimu. Nia hiyo nilikuwa nayo mpaka niliposikia amefariki, na hilo ninalijutia.

Nilikwenda kwenye kilio. Watu walikuwa wengi uani, wanaingia na kutoka. Nilipofika mlangoni mguu ukakataa kukanyaga. Kwenye kizingiti cha mbao cha ile nyumba kulikuwa na bati la shaba, mistari mitano iliyonyooka. Mistari ya katikati ilikuwa imeliwa na nyayo. Nilikuwa nazijua visi zile: ni shaba niliyoiacha uani Mitwaba. Nikainama, mzee mzima, watu wakinipita.

Mwanamke mmoja mrefu akatoka ndani, akasimama juu yangu, kitambaa cha msiba kichwani. "Ni Tata Amisi?"

"Nani anakuambia?"

"Tata yetu. Alisemaka, bantu bote banapita hapa, moja tu njo atainama." Kisha akasema, "Miye Ngoie."

Nilifanya jambo la kijinga, jambo la kazi: nikaingiza ukucha chini ya ukingo wa shaba nikauinua kidogo. Mbao na shaba hazigombani. Mbao haihitaji kitu. Lakini chini yake kulikuwa na ukanda wa mpira, mpira wa ndani wa gurudumu, umekatwa kwa mkasi wa hospitali, kingo zake zimenyooka vizuri. Nikakaa palepale juu ya kizingiti, mahali nilipokatazwa tangu siku ya kwanza, nikalia kwa sauti, na mtoto niliyembeba akaniacha nilie.